Jumba Bovu Humwangukia Nani?

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa matawi ya mashabiki, watangazaji na waandishi wa michezo, na ninyi mliokuja na jezi kana kwamba kuna mechi baada ya hapa: habari za jioni.

Swali nililopewa kila mmoja wenu ana jibu lake tayari, na wengine mko tayari kulipigania. Kwa nini mchezaji mmoja tunampenda hadi tunawapa watoto jina lake, halafu mwenzake aliyevaa jezi ile ile na kutoka jasho dakika zile zile tunamwangushia jumba bovu kila timu inapofungwa? Jibu la haraka ni kwamba mmoja anajua mpira na mwingine hajui. Lingekuwa kweli, ningewashukuru na kuketi. Lakini ukizifuatilia kesi hizi moja moja, unakuta uwezo wa mchezaji una nafasi ndogo sana katika hukumu. Kinachoamua ni nani alionekana wakati jumba linaanguka, na alikuwa na akiba gani kwetu kabla ya siku hiyo. Nitalitetea hili kwa mifano, na baadhi yenu mtanuna.

Twende tarehe 16 Julai 1950, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Mwaka ule Kombe la Dunia halikuwa na fainali kama tunayoijua. Timu nne zilimalizia kwa kucheza kwa pointi, na Brazil ilihitaji sare tu mbele ya Uruguay. Ilikuwa imeibamiza Sweden 7-1 na Hispania 6-1. Uwanjani walikuwa karibu watu 200,000, na gazeti moja lilikwisha kuchapisha picha ya kikosi likiwaita mabingwa wa dunia kabla mpira haujawekwa kati. Brazil ikatangulia kwa bao la Friaça mara tu baada ya mapumziko. Dakika ya 66 winga wa Uruguay, Alcides Ghiggia, akamtoka beki Bigode upande wa kulia, akatia krosi, Schiaffino akasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia akaja tena kwa njia ile ile.

Sasa simameni langoni na kipa Moacir Barbosa. Mtu huyu huyu, kutokea upande huu huu, dakika chache zilizopita alipiga krosi iliyozaa bao. Katikati wenzake wanaingia kasi. Una chini ya sekunde kuamua. Barbosa akasogea hatua moja kuiwahi krosi. Ghiggia hakupiga krosi. Alipiga golini, mpira ukapenya kati ya kipa na mlingoti wa karibu. 2-1, na ikaishia hapo.

Niambieni, makipa mliomo humu: hatua ile ilikuwa upumbavu? Ilikuwa hesabu nzuri iliyokutana na mtu aliyebadilisha mawazo. Ghiggia angepiga krosi, Barbosa angeidaka, na tungekuwa tunamsifu kwa kuusoma mchezo. Badala yake aliishi miaka mingine karibu 50 akiwa mtu aliyeiliza Brazil. Karibu na mwisho wa maisha yake, na alifariki Aprili 2000, alisema kwamba kifungo kirefu kuliko vyote nchini mwake ni miaka 30, lakini yeye alikuwa ametumikia miaka 50 kwa kosa ambalo hata si lake.

Angalieni walioponyoka. Washambuliaji waliowafunga Waswidi mabao saba, siku ile walipata bao moja. Viungo walimwacha Bigode peke yake na winga yule mara mbili, na kwa njia ile ile. Waliotangaza ubingwa asubuhi hawakuulizwa kitu. Na kuna kundi ambalo katika kulaumiana husahaulika kabisa, nalo ni wapinzani. Uruguay hawakuwa wapita njia. Walikuwa mabingwa wa dunia wa 1930, wakiongozwa na nahodha, Obdulio Varela, aliyekataa kutishwa na kelele za uwanja mzima. Shabiki aliyeumia ni vigumu kukiri kwamba upande wa pili kulikuwa na watu wanaojua kazi. Ukimkiri mpinzani, hasira yako inakosa mahali pa kwenda.

Hapo ndipo mzizi ulipo. Mchezo wowote una bahati nyingi ndani yake, na soka ndio usiseme, kwa sababu mabao ni machache: mpira unagonga kisigino cha mtu, unabadilisha njia, msimu umekwisha. Kipigo kimoja kina sababu ishirini. Nani anaweza kuzomea sababu ishirini? Koo ina uwezo wa kuzomea jina moja. Kwa hiyo tunatafuta jina, na tukilipata tunapumua. Sisemi hivi kuwadharau. Mtu ametumia wiki nzima akiisubiri mechi, ameweka moyo wake kwa watu kumi na moja ambao hawezi kuwaelekeza wala kuwabadilisha, halafu anaambiwa ilikuwa bahati mbaya? Bahati mbaya haikupi la kufanya. Lawama hukupa.

Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha mwaka 1976 utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Timu ya chuo ikishinda, Jumatatu wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye nembo ya chuo. Walipoulizwa matokeo, ushindi ulisimuliwa kwa "tumeshinda", na kipigo mara nyingi kwa "wamefungwa". Nadhani humu ndani hakuna aliyeshtuka. Ninachoongeza mimi ni hiki: tunapotoka ndani ya "sisi" baada ya kipigo, hatufungi mlango hivi hivi. Tunamwacha mtu ndani. Timu inabaki yetu, rangi zinabaki zetu, kocha labda tunamvumilia. Ila yule mmoja "ametuangusha". Tukishamtoa yeye, tunaweza kurudi Jumamosi ijayo bila aibu.

Sasa, anachaguliwaje? Kwanza kwa macho. Lawama humpenda aliye karibu na tukio la mwisho. Chukueni besiboli, Oktoba 1986, mchezo wa sita wa fainali kati ya Boston Red Sox na New York Mets. Boston walikuwa mbele 5-3 katika mzunguko wa kumi, wamebakisha kumtoa mpinzani mmoja tu wachukue ubingwa. Mets wakapiga mipira mitatu mizuri mfululizo. Kisha mrushaji wa Boston akarusha mpira uliompita mshikaji wake, na matokeo yakawa 5-5. Ni baada ya hayo yote ambapo mpira uliotambaa chini ulipita kati ya miguu ya Bill Buckner, na Mets wakashinda. Buckner alikuwa na vifundo vya miguu vibovu, na mara nyingi kocha alimtoa mwishoni mwa mchezo. Usiku ule alimwacha. Tena mfululizo haukuisha siku ile. Kulikuwa na mchezo wa saba, Boston wakatangulia 3-0, wakafungwa 8-5. Muulize mtu yeyote anayefuata mchezo ule nani aliipotezea Boston ubingwa wa 1986. Hatakutajia mrushaji, wala kocha, wala mchezo wa saba. Atakutajia Buckner, mtu ambaye katika maisha yake ya uchezaji alipiga mipira 2,715 iliyomfikisha salama.

Roberto Baggio ni kesi ya aina hiyo hiyo kwa wapenzi wa soka. Fainali ya Kombe la Dunia 1994, Italia na Brazil, mikwaju ya penalti. Picha mnaijua: mpira unapaa juu ya mtambaa panya, yeye ameinamisha kichwa. Kabla yake Franco Baresi alikuwa ameshapaisha, na Daniele Massaro mkwaju wake uliokolewa. Hata Baggio angefunga, Brazil walikuwa bado na mkwaju mmoja mkononi. Na bila Baggio Italia isingefika pale: dhidi ya Nigeria walikuwa nyuma hadi dakika ya 88, akasawazisha, kisha akafunga la pili muda wa nyongeza, akaiua Hispania, akaifunga Bulgaria mawili nusu fainali. Mabao matano katika mechi tatu za mtoano. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini macho hayahesabu. Macho hukumbuka cha mwisho.

Nafasi uwanjani nayo inahusika. Straika akikosa mara nne na kufunga mara moja, ndiye shujaa wa mechi. Kipa akiokoa mara nne na kukosea mara moja, ndiye mkosaji. Lev Yashin alibebeshwa lawama kwao baada ya Umoja wa Kisovyeti kutolewa na Chile robo fainali ya 1962, watu wakasema amekwisha. Mwaka uliofuata akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, na hadi leo hakuna kipa mwingine aliyewahi kuipata. Kwa maneno mengine, kipa pekee aliyewahi kutambuliwa kwa tuzo ile naye aliwahi kuambiwa na watu wake mwenyewe kwamba hafai.

Na ninyi ndugu zangu wa televisheni, msijifiche. Marudio ya taratibu yanaongeza chumvi. Mwaka 2016 watafiti watatu wa Marekani, Caruso, Burns na Converse, walionyesha kwamba watu wakiangalia tukio kwa mwendo wa taratibu huona kwamba mtendaji alikusudia zaidi kuliko wakiliangalia kwa mwendo wake wa kawaida, kwa sababu wanahisi alikuwa na muda mwingi wa kufikiri. Beki aliyekuwa na nusu sekunde tunampa sekunde nne, halafu tunamuuliza kwa nini hakuzitumia.

Macho peke yake hayatoshi, lakini. Kuna watu huonekana wakikosea, na tunawasamehe kabla hawajafika vyumba vya kubadilishia nguo. Hapa ndipo inapokuja akiba, na niwape klabu moja ili tusigombane kuhusu utamaduni wa klabu.

Tarehe 27 Aprili 2014, Anfield. Liverpool wanaongoza ligi, hawajachukua ubingwa wa Uingereza tangu 1990. Mwisho wa kipindi cha kwanza, Steven Gerrard anapokea pasi nyepesi katikati ya uwanja, mpira unamtoka, anateleza, Demba Ba wa Chelsea anaondoka nao na kufunga. Mechi ikaisha 2-0. Ubingwa ukaenda Manchester City kwa tofauti ya pointi mbili.

Tarehe 26 Mei 2018, Kyiv, fainali ya Ligi ya Mabingwa. Kipa wa Liverpool, Loris Karius, anarusha mpira kumgonga Karim Benzema na unaingia wavuni. Baadaye shuti la mbali la Gareth Bale linamponyoka mikononi. Real Madrid 3, Liverpool 1. Baada ya filimbi alikwenda mbele ya mashabiki wake akilia, ameunganisha viganja kuomba radhi. Siku chache baadaye madaktari huko Boston walisema huenda alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo kabla ya makosa yale, baada ya kugongana na Sergio Ramos. Mnakumbuka habari ile ilipokelewaje na wengi? Kwa kicheko. Hakucheza tena mechi ya mashindano akiwa na Liverpool.

Makosa mawili makubwa, klabu moja, miaka minne kati yao. Wapinzani walimtungia Gerrard wimbo wa kumkejeli, lakini mashabiki wake walimfunika. Kwa nini? Mtoto wa nyumbani, alilelewa na klabu tangu utoto, alikataa kuondoka, na Istanbul 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa, timu ikiwa nyuma 3-0 mbele ya Milan, ni kichwa chake kilichowasha moto. Akiba yake ilikuwa nono. Akitoa kiasi kikubwa namna gani, bado inabaki. Karius alitoka Mainz 2016, hakuwa ameweka kitu. Alipotoa mara moja, akaunti ikasoma sifuri. Na ushahidi kwamba hatupimi makosa yenyewe ni huu: msimu ule wa Gerrard, Liverpool walifungwa mabao 50 kwenye ligi. Siku nane tu baada ya kuteleza kule, walikuwa mbele 3-0 dhidi ya Crystal Palace zikiwa zimebaki dakika kama kumi na moja, mechi ikaisha 3-3. Ukitaka kujua ubingwa ulipotelea wapi, angalia safu ya ulinzi msimu mzima. Hakuna aliyeitungia safu ya ulinzi wimbo.

Kinachomfilisi mtu kabla hajaanza ni bei. Harry Maguire alinunuliwa na Manchester United mwaka 2019 kwa pauni milioni 80, rekodi ya dunia kwa beki. Tangu siku ile hakucheza tena kama beki; alicheza kama bei. Beki wa pauni milioni 10 akipitwa, amepitwa. Yeye akipitwa, tunadai pesa zetu, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyechangia. Kwenye Euro 2020 aliteuliwa katika kikosi bora cha mashindano, na kwenye fainali alipiga penalti yake kwa nguvu hadi kamera ya wavuni ikaharibika. Machi 2022 mashabiki wa England wenyewe walimzomea Wembley jina lake liliposomwa. Mwaka huo huo mbunge mmoja wa Ghana, Isaac Adongo, alisimama bungeni kumfananisha makamu wa rais na Maguire katika usimamizi wa uchumi. Mwaka uliofuata mbunge akamwomba radhi Maguire, na Maguire akajibu kwamba amepokea. Makamu wa rais sina taarifa zake.

Sasa nifike mahali ambapo pangekuwa rahisi kwangu kupita haraka. Akiba haigawiwi sawa. Wapo wanaozaliwa nayo na wapo wanaolazimishwa kuithibitisha kila mechi. Wachezaji watatu waliobeba lawama kubwa zaidi Brazil mwaka 1950, yaani Barbosa, Bigode na Juvenal, wote walikuwa weusi. Tarehe 11 Julai 2021 England ilifungwa na Italia kwa penalti katika fainali ya Euro. Waliokosa ni Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka, na Saka alikuwa na miaka 19. Kabla hata usiku haujaisha, simu zao zilijaa matusi ya rangi. Mchoro wa Rashford ukutani kule Manchester ulichafuliwa, ingawa wakazi wa eneo lile walikuja kuufunika kwa karatasi za ujumbe wa upendo hadi pakawa hapaonekani uchafu. Mesut Özil alipojiuzulu timu ya taifa ya Ujerumani Julai 2018 aliandika kwamba tukishinda mimi ni Mjerumani, tukifungwa mimi ni mhamiaji. Romelu Lukaku aliandika mwaka huo huo kwamba mambo yakienda vizuri magazeti yalimwita straika wa Ubelgiji, yakienda vibaya alikuwa straika wa Ubelgiji mwenye asili ya Kongo.

Sitakubali hili liitwe hasira za mpira. Hasira za mpira zinamkuta kila anayekosa. Hii inachagua. Kipigo kinakuwa kisingizio cha kumtoa nje mtu ambaye wengine tangu mwanzo hawakumhesabu kuwa wa ndani.

Upande wa mapenzi hauna haki zaidi, unapendeza tu. Wahenga walishasema ukipenda, chongo utaita kengeza. Tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uruguay na Ghana, dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza, kichwa cha Mghana kinaelekea golini na Luis Suárez anauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan anapiga, mpira unagonga mtambaa panya. Suárez anashangilia akiwa njiani kuelekea vyumbani. Uruguay ikashinda kwa mikwaju na kwenda nusu fainali. Kwa Mruguay, kijana alijitoa mhanga kwa ajili ya nchi. Kwa Mwafrika aliyekuwa anaona timu ya kwanza ya bara hili ikikaribia kuingia nusu fainali, ni mwizi. Mikono ni ile ile. Kanuni ilitumika sawasawa, adhabu ikatolewa. Kilichobadilika ni kiti ulichokaa.

Zinedine Zidane naye, fainali ya Kombe la Dunia 2006, alimpiga Marco Materazzi kichwa kifuani, akawaacha wenzake kumi dakika za mwisho za muda wa nyongeza. Ufaransa ikafungwa kwa penalti, na aliyekosa ni David Trezeguet peke yake. Zidane alirudi Paris umati ukiimba jina lake. Trezeguet, ambaye mwaka 2000 aliifunga Italia hiyo hiyo bao la dhahabu lililowapa Wafaransa Kombe la Ulaya, hakuimbiwa. Mabao mawili ya Zidane katika fainali ya 1998 yalikuwa yanamlipia deni. Simlaumu aliyeimba, na mimi nampenda Zidane. Nasema tu tusijidanganye kwamba tulikuwa tunapima.

Na kuna wale tusiowapenda wala kuwachukia kwa sababu hatuwaoni. Real Madrid walimwachia Claude Makélélé aende Chelsea majira ya joto ya 2003, mwaka ule ule waliomleta David Beckham. Walikuwa wametoka kuchukua ligi ya Hispania. Hawakuichukua tena hadi 2007. Kiungo mkabaji anayefika kabla hatari haijawa hatari hana picha ya kuonyesha.

Mtaniuliza: kuna ubaya gani, si ni sehemu ya burudani? Wachezaji wanalipwa vizuri, wavumilie. Sawa, tuweke huruma pembeni tuzungumze matokeo, maana matokeo ndiyo mnayoyataka. Hofu ya lawama inabadilisha namna watu wanavyocheza. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli na wenzake walichapisha uchambuzi wa penalti 286 za ngazi ya juu. Makipa waliruka kushoto au kulia zaidi ya mara 93 katika kila 100, ilhali mahesabu yao yalionyesha kwamba kubaki katikati kungewapa nafasi nzuri zaidi ya kuokoa. Kwa nini waruke? Kwa sababu kipa aliyeruka upande usio wake "amejitahidi", na kipa aliyesimama tu mpira ukaingia kando ni mzembe. Anachagua kosa ambalo ninyi mtalisamehe.

Geir Jordet wa Norway amechunguza kwa miaka mingi mikwaju ya mashindano makubwa. Mchezaji ambaye akifunga timu inashinda papo hapo, hufunga zaidi ya mara 9 kati ya 10. Ambaye akikosa timu inatolewa, hufunga takriban mara 6 kati ya 10. Mpira ni ule ule na umbali ni ule ule. Hao wa kundi la pili mara nyingi zaidi humpa kipa mgongo wanaporudi nyuma, na hukimbilia kupiga mara filimbi inapolia, kama mtu anayetaka tu limalizike. Tunapomzomea mtu miezi mitatu halafu tunamkabidhi mkwaju wa namna hiyo, tunakuwa tumeshaupiga naye.

Ndiyo maana bado namvulia kofia Gyan. Dakika chache baada ya kugonga mtambaa panya, akiwa na bara zima mgongoni, alichukua mpira akaenda kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana, akafunga. Ndiye Mwafrika mwenye mabao mengi zaidi katika Kombe la Dunia, sita. Mwaka 2012 alikosa penalti nyingine, nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Zambia, na matusi yakawa mazito kiasi kwamba alitangaza kupumzika timu ya taifa. Akarudi baadaye, kwa bahati yetu.

Siwaombi muache kuzomea. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tunasema, lakini hakuna aliyesema kushindwa kusiume. Ninayo maombi ya kazi tu. Watangazaji: mnapoonyesha kosa la mwisho, rudisheni picha nyuma sekunde ishirini, mtuonyeshe nani alipoteza mpira, nani hakurudi, na mpinzani alifanya nini kizuri. Mkirudia kwa taratibu, rudieni na mara moja kwa mwendo wa kawaida. Viongozi wa matawi: tusi la rangi au la asili ya mtu likisikika jukwaani kwenu, mtoeni mwenye nalo siku hiyo hiyo, msingoje barua ya shirikisho. Na makocha mlio wachache hapa: mkipanga mtu majeruhi acheze, au kijana wa miaka 19 apige penalti ya mwisho, basi kwenye mkutano na waandishi baada ya mechi kaeni ninyi mbele, msimtume yeye.

Nimeona mzee pale nyuma mwenye jezi nyekundu amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Maguire. Mpeni kipaza sauti.